Dakika Nne za Mkono wa Kushoto

Taarifa ya kifo cha Mzee Naftali Kingu ilimfikia Zaituni Ntandu saa nne asubuhi, mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi. Ndivyo alivyoianza kila siku tangu vidole vyake vilipoanza kujikunja kama makucha ya kuku. Nusu saa ya maji ya moto, ndipo aweze kufunga vifungo vya gauni lake. Kioo cha ukutani kililia mara moja, kikaandika: *Kifo ndani ya saa ishirini na nne baada ya huduma. Mwenye mikono anaombwa asome na kutia sahihi. Muda: siku tatu.*

Hakustuka. Ilikuwa taarifa ya kumi na mbili kwa miaka sita. Kumi na moja za kwanza alizisoma, akazikuta ni ajali za kawaida za dunia. Huyu alitumbukia kisimani, yule alikuwa na saratani iliyokwisha kumla. Kwa kila moja alisema kwa sauti, "Hakuna kasoro," kioo kikaandika, akaendelea na chai yake. Sheria ilitaka hivyo. Mashine ya kuchua haikuruhusiwa kugusa mwili wa binadamu isipokuwa kwa mikono iliyonakiliwa kutoka kwa mtu aliye hai, na mtu huyo ndiye aliyeitwa mwenye mikono. Mashine zote mia tatu na arobaini, zilizoitwa Kiganja, kuanzia Singida mpaka vijiji vya mwisho vya Kigoma, zilichua kwa mikono ya Zaituni.

Alijifuta maji, akasoma.

Mwanamume, miaka sabini na mmoja, mfuga nyuki. Amesafiri saa tisa mfululizo akiwa ameketi garini. Analalamika maumivu ya kigimbi cha mguu wa kushoto. Kupapasa kwa kiganja kizima, mbinyo wa daraja la pili, dakika tano. Kukanda, daraja la tatu, dakika nane. Kusugua kwa dole gumba, daraja la tatu, likapandishwa la nne kwa ombi, dakika sita. Amefariki nyumbani saa tano baadaye baada ya kubanwa na pumzi. Daktari wa zamu: moyo.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na vipimo ambavyo mashine ilijiandikia yenyewe. Kigimbi cha kushoto kilikuwa na joto la nyuzi moja na nusu zaidi ya cha kulia. Mzunguko wake ulizidi kwa sentimita tatu.

Zaituni alivisoma mara mbili.

Mguu mmoja umevimba, una moto, na mwenyewe ametoka kukaa kitako mchana kutwa. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angejua. Hiyo ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Mguu kama huo hauchuliwi. Haupapaswi hata kwa daraja la kwanza. Unafunikwa, mwenyewe anapelekwa hospitali amelala. Ukiusugua, unalisukuma lile donge lipande juu, na likifika kwenye mapafu, mtu hana siku mbili.

Lililomkata maini ni kwamba mashine ilikuwa imeona. Ilipima joto, ikapima unene, ikaandika kila kitu kwa usahihi, kisha ikaendelea kusugua, kwa sababu hakuna aliyeifundisha tarakimu zile zina maana gani.

Na aliyepaswa kuifundisha alikuwa yeye.

*

Gervas Mpondo alifika mchana huohuo. Ndiye mhandisi aliyemvalisha Zaituni glavu zenye vihisi mia sita, wakati mikono ile ilipokuwa bado mikono, akamketisha miezi minane akichua watu mia mbili huku kila mbinyo ukiandikwa. Walizoeana kama mtu na shangazi yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umesoma?"

"Nimesoma." Aliketi, akavua kofia. "Daktari ameandika moyo. Kwa umri ule, na safari ile. Sisi ni nani hata tumpinge daktari?"

"Daktari hakuushika ule mguu."

"Na wewe hukuushika, Mama."

"Mikono yangu iliushika, Gervas. Mimi ndiye sikuwepo."

Wote wawili walijua wanachokizungumza bila kukitaja. Miaka yote ya kazi yake, Zaituni hakuwahi kuanza kuchua bila kwanza kuweka mkono wa kushoto juu ya mwili na kuuacha pale, bila kubonyeza, kwa muda wa dakika nne hivi. Alikuwa anasikiliza. Joto likoje hapa na kule. Ngozi inakubali au inajikunyata. Pumzi inakwenda au imezuiwa. Mara nyingine, baada ya dakika hizo, alimwambia mtu, "Leo sikuchui, nenda hospitali," na watu wakanuna.

Dakika hizo zilinakiliwa. Kisha, kabla kunakili hakujaisha, vituo vya majaribio vikaanza, na foleni zikawa ndefu mpaka nje ya ua. Wagonjwa waliotoka mbali walirudi kwao bila kuguswa. Gervas akaja na ombi: dakika nne kwa kila mtu ni watu kumi na wawili kwa siku wanaokosa huduma. Je, sehemu ile ya mwanzo, ambayo kwa macho ya mashine haifanyi chochote, inaweza kuondolewa? Sheria ilimpa mwenye mikono peke yake haki ya kukataa. Zaituni alikumbuka vizuri siku ile. Mikono ilimuuma, miezi minane ilikuwa imemchosha, na alitaka kwenda nyumbani. Alijua. Alisema, "Ondoeni."

"Ukiandika kasoro ipo," Gervas alisema taratibu, "Baraza la usimamizi linazifunga zote siku hiyohiyo. Mia tatu na arobaini. Na hazifunguliwi mpaka mwenye mikono azifundishe upya." Macho yake yakaanguka kwenye vidole vya Zaituni, yakakimbilia dirishani.

"Sema tu, mwanangu."

"Huwezi kushika hata kikombe kwa mkono mmoja, Mama. Zikifungwa, zimefungwa. Unajua kule Urambo kuna watu wangapi waliopooza wanaotembea sasa? Hakuna mchuaji hata mmoja kule. Hakuna aliyebaki popote, kila mtu alijua mashine ipo." Akasogea mbele. "Nisikilize. Mimi naweza kuweka kizuizi cha joto. Kimyakimya, wiki hii. Mguu mmoja ukizidi mwingine kwa nyuzi moja, mashine inasimama. Wewe andika hakuna kasoro, kama siku zote. Aliyekufa harudi. Walio hai tusiwaue mara ya pili."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuwa zito. Angekuwa mbaya, Zaituni angemfukuza.

"Nina siku tatu," alisema.

*

Kesho yake akafanya jambo ambalo kwa miaka sita alikuwa hajathubutu. Alifunga ushungi, akaenda kituoni kama mgonjwa yeyote, akakaa kwenye benchi hadi zamu yake ikafika. Mhudumu hakumtambua.

"Tatizo, mama?"

"Mgongo."

Alilala kifudifudi juu ya meza yenye joto. Mikono miwili ya mpira laini ikashuka kutoka darini, na bila neno, bila kusubiri, ikaanza.

Daraja la kwanza ni uzito wa khanga iliyotandikwa juu ya mtoto aliyelala. La pili ni mkono unaopaka mafuta. Mikono iliteleza kutoka kiunoni hadi mabegani, ikarudi kupitia ubavuni, na Zaituni akajitambua. Ndiyo, hivi ndivyo alivyogeuza kiganja mwishoni, kwa madaha kidogo ambayo hakuna aliyemfundisha. Ilipofika daraja la tatu ikaanza kukanda: nyama inainuliwa, inabanwa, inaachiwa, kama unga wa maandazi ambao umekwisha kukubali maji. Misuli yake ilianza kulegea mmoja baada ya mwingine, na machozi yakamtoka bila ruhusa. Ilikuwa mikono mizuri. Mungu alimpa mikono mizuri, na ndiyo hii, hai, yenye nguvu, bila kidole kilichopinda. Akiandika kasoro, ataizika.

Kisha dole gumba likafika kando ya uti wa mgongo, likaingia daraja la nne, ambapo mkono hauongei tena na ngozi bali na kile kilichojificha chini. Hapo mchuaji anabonyeza, anangoja, anabonyeza. Kungoja ndiko kunakotibu. Misuli ikisukumwa bila kuulizwa hukaza kujitetea.

Mikono haikungoja.

Zaituni alikaza mgongo makusudi, akazuia pumzi kama mtu anayeumia. Dole gumba likaendelea vilevile. Alijikunyata. Likaendelea. Na katika mwendo ule, katika ile haraka ndogo kati ya mbinyo na mbinyo, alimsikia mwanamke wa siku ile aliyechoka na kutaka kwenda nyumbani. Naye alikuwa amenakiliwa. Uchovu wake ulikuwa kwenye vituo mia tatu na arobaini, ukigusa watu kila siku.

Kizuizi cha joto hakingeweza kuliondoa hilo.

"Simamisha," alisema.

"Bado dakika kumi, mama."

"Simamisha, tafadhali."

*

Bado hakuwa ameamua. Mtu hujua haki iko upande gani, na bado akatafuta njia ya kuizunguka. Siku ya tatu asubuhi akapanda gari la umeme hadi Iramba, kwenye kijiji cha wafuga nyuki karibu na ziwa Kitangiri, akijiambia kwamba anakwenda kutoa pole tu.

Turubai la msiba lilikuwa bado halijashushwa. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye kitambaa cheusi kichwani, alitoka kumpokea.

"Shikamoo, mama. Karibu. Mimi ni Tabitha, binti wa marehemu."

"Marahaba. Poleni sana. Naitwa Zaituni Ntandu. Mimi ndiye... ile mashine ya kituoni kwenu inatumia mikono yangu."

Uso wa Tabitha ukafunguka kwa namna ambayo Zaituni hakuitarajia. Aliushika mkono wake ule uliokunjamana kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Ni wewe! Jamani, Mungu ni mwema. Mama! Mama, njoo uone ni nani!" Kisha akakumbuka. "Hawezi kuja. Tuingie."

Ndani, juu ya kiti cha kuegemea, alikuwa ameketi Bi Roda, mjane. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza tangu mwaka juzi. Tabitha alisimulia huku akimwekea mgeni chai: kwa mwaka mzima mama yake hakuinua hata kidole. Walipoanza kumpeleka kwenye Kiganja, mara mbili kila wiki, mkono ukaanza kuamka. Sasa anashika kijiko. Maneno nayo yanarudi, moja moja.

"Mwonyeshe, Mama."

Bi Roda akakichukua kijiko. Kikatetemeka, kikasimama hewani, kikakaa. Akatabasamu kwa nusu ya mdomo. "Mi-kono," alisema, akimwelekezea Zaituni kidevu. "Yako."

Zaituni alitamani ardhi immeze. Kila kikombe cha chai alichokirimiwa katika nyumba ile kilikuwa cha wizi.

Alipoaga, Tabitha alimsindikiza hadi kwenye mizinga iliyotundikwa nyuma ya nyumba, na huko akasimama ghafla.

"Mama, naomba nikuulize kitu ambacho siwezi kumuuliza mtu mwingine. Wewe unajua haya mambo ya kuchua." Sauti yake ilishuka. "Baba hakutaka kwenda kituoni. Mimi ndiye niliyemtoa Mbeya kwa gari, saa tisa nzima, sikusimama hata mara moja anyooshe miguu kwa sababu nilikuwa nawahi kazini. Alipolalamika mguu, nikamwambia tupitie kituoni. Akiwa pale mezani akasema bado unauma. Mhudumu akauliza, tuongeze? Baba akasema hapana, inatosha. Mimi nikasema ongeza. Nikabonyeza mwenyewe, kutoka tatu kwenda nne. Daktari anasema ni moyo. Lakini sipati usingizi. Niambie kweli, mama. Nilimuua baba yangu?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, ndivyo wahenga walivyosema. Lakini huyu hakujichoma. Mwiba ulikuwa wa Zaituni, ukaingia kwenye mguu wa mwingine. Na pale mbele ya mizinga njia zote za kuzunguka zikaisha. Angeweza kusema, "Hapana, ilikuwa moyo," na Tabitha angemwamini nusu, akabaki na nusu nyingine maisha yake yote. Kimya alichokitaka Gervas kilihitaji mtu wa kukibeba, na mtu huyo alikwisha kupatikana.

"Si wewe," alisema Zaituni. "Na haukuwa moyo."

Akamweleza. Joto, uvimbe, donge la damu. Vipimo ambavyo mashine ilivichukua na kuviacha. Dakika nne. Alieleza bila kuuma na kupuliza, akiyaangalia macho ya yule mwanamke yakibadilika.

"Wewe ungekuwepo ungeujua ule mguu?"

"Kabla dakika ya kwanza haijaisha."

"Na ulipowaambia waziondoe hizo dakika, ulijua kwamba siku moja..."

"Nilijua."

Nyuki walivuma. Tabitha alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kama anayeondoka kwenye moto.

"Umekunywa chai yangu," alisema. "Nimekupigia goti."

"Ndiyo."

"Nitokee machoni."

Zaituni akageuka. Alikuwa amefika kwenye kona ya nyumba sauti ya Tabitha ilipomfuata, kavu.

"Ukiyasema hayo huko kwenu, ile mashine ya mama itafungwa?"

"Itafungwa. Zote."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya kijiko kikianguka sakafuni, na Bi Roda akihangaika kukiokota.

"Usiniulize mimi," Tabitha alisema. "Hilo usinibebeshe."

"Sikuulizi," Zaituni alijibu. "Nitaandika leo."

*

Aliandika jioni ile akiwa garini, jua likiwa bado juu ya mashamba ya alizeti. *Kasoro ipo. Kasoro ni yangu.* Akaambatanisha maelezo ya kurasa tatu. Hakumtaja Tabitha na kile kitufe. Kabla hajafika Singida, mikono mia tatu na arobaini ilikuwa imepanda darini na kutulia.

Gervas alimpigia mara moja tu. Hakumlaumu. Alisema, "Natumaini umepata amani, Mama," akakata simu, na neno lile lilimuuma kuliko tusi, maana amani hakuipata. Alichokipata ni barua. Mwanamume wa Urambo aliyekuwa ameanza kutembea kwa mkongojo alirudi kitandani baada ya wiki tano. Mama mmoja wa Uvinza alimtumia picha ya mkono wa mwanawe ukikunjika tena, bila maneno yoyote chini yake. Zaituni alizisoma zote. Baraza lilimwita, likamhoji siku mbili, likamvua cheo cha mwenye mikono, na mwenyekiti akamuuliza kama anadhani ametenda haki. Akajibu kwamba ametenda makosa mawili, na la pili, la kufungisha mashine, lilikuwa halikwepeki, lakini lisihesabiwe kuwa wema.

Mwezi uliofuata alirudi Iramba. Hakualikwa. Alisimama uani hadi Tabitha alipotoka na ndoo ya maji machafu, nusura ammwagie.

"Unataka nini?"

"Mama yako anaendeleaje?"

"Ameacha kushika kijiko. Juzi alisahau jina langu." Tabitha aliiweka ndoo chini kwa kishindo. "Umefurahi?"

"Mikono yangu haifai," Zaituni alisema. "Lakini ninachokijua bado kiko kichwani. Nikikaa kando yako, naweza kukuelekeza wewe umchue."

Tabitha akaingia ndani, akaacha mlango wazi.

Ikawa hivyo kila Jumatano. Hapakuwa na chai wala maongezi. Zaituni aliketi kwenye kigoda, Tabitha akapiga magoti kando ya mkeka, Bi Roda akalala katikati yao. Wiki ya kwanza walifanya daraja la pili tu. "Nzito mno," Zaituni alisema. "Unamsukuma. Mfuate." Au, "Nyepesi mno hapo, unamtekenya, ngozi inakasirika." Alipomwonyesha tofauti ya la pili na la tatu, ilimbidi aweke kitako cha kiganja chake juu ya mkono wa Tabitha na kuubana kwa uzito wa mwili, kwa kuwa vidole havikuweza. Tabitha alivumilia kuguswa. Akimaliza, alinawa mikono.

Jumatano ya sita, Bi Roda alizuia pumzi walipofika begani. Kabla Zaituni hajafungua kinywa, mikono ya Tabitha ilikuwa imekwisha kusimama. Iliganda pale, ikangoja. Pumzi ya mama ikatoka taratibu, na mikono ikaendelea.

Tabitha hakuinua macho.

"Inachukua muda gani," aliuliza, "mpaka mtu ajue kabisa?"

"Mimi ilinichukua miaka tisa."

"Mama hana miaka tisa."

"Najua."

Tabitha aliukanda ule mkono uliopooza kutoka kiwiko hadi kifundo, polepole, akaurudia tena. Zaituni akakusanya ushungi wake, akajiandaa kuinuka, kama kila Jumatano, kuondoka bila kuagwa.

"Jumatano haitoshi," Tabitha alisema, bado ameinamia mkono wa mama yake. "Njoo na Ijumaa."